Jinsi ya kutazama kipindi cha magari kwa jicho la fundi

Mteja mmoja alileta gari kubadilishiwa klachi, akakaa kwenye benchi asubiri. Kazi hiyo alikuwa ameiona kwenye televisheni ikiisha kabla ya matangazo ya biashara. Sikumlaumu. Kushusha gia boksi, kutoa klachi, kusafisha na kupanga upya kunakula saa nyingi, ila kamera huonyesha boliti ya kwanza na ya mwisho tu. Tangu hapo nawaelekeza wateja wangu namna ya kuvitazama vipindi hivi. Navipenda sana, wala sitaki mtu aviache.

Anza na kamera. Gari likizimika ghafla njiani, jiulize mpiga picha alikuwa amesimama wapi. Kama alikuwa mbele, ametulia, anasubiri, basi walijua gari litasimama pale. Halafu rudisha nyuma usimamishe picha kwenye dashibodi: soma saa, mshale wa mafuta, kilomita. Angalia na vivuli. Kivuli kikihama upande katika mazungumzo ya dakika moja, ujue wamepiga picha asubuhi na jioni wakaziunga.

Penye takwimu ndipo pa kukaa zaidi. Mwaka 2008 Top Gear, kipindi cha magari cha BBC, iliikimbiza Toyota Prius, gari linalosifika kwa kula mafuta kidogo, kwenye uwanja wa kujaribia magari kwa nguvu zake zote, mizunguko 10, huku BMW M3 yenye injini ya V8 ikiifuata tu kwa nyuma. Prius ilipata maili 17.2 kwa galoni, M3 ikapata 19.4. Namba ni za kweli. Lakini injini ndogo ilikuwa imebanwa hadi mwisho na kubwa inatembea kwa raha, na hakuna anayeendesha Prius hivyo kwenda kazini. Kwa hiyo kila ukisikia namba, andika kando yake: mwendo gani, barabara gani, mzigo gani. Ukikosa majibu hayo, usiipeleke namba hiyo dukani.

Desemba mwaka huohuo ilikuwa zamu ya Tesla Roadster, gari la umeme. Kipindi kilisema kwamba uwanjani ingekwenda maili 55, wakati mtengenezaji alitaja 200, na tukaona gari likisukumwa kuingizwa bandani. BBC ilieleza baadaye kwamba walikuwa wanaonyesha kingetokea nini kama chaji ingekwisha. Tesla ilishtaki mwaka 2011 ikashindwa, na rufaa yake ikatupwa mwaka 2013. Jaji aliona kwamba mtazamaji anajua mwenyewe kuwa mwendo wa uwanjani si wa barabarani. Hapo ndipo ninaposisitiza kwa wateja: mahakama imekuachia wewe kazi ya kutofautisha, basi ifanye.

Kichekesho nacho kina fundi nyuma yake. Kwenye Top Gear hiyohiyo, Reliant Robin ya matairi matatu ilipinduka karibu kila kona, na mtangazaji wake Jeremy Clarkson mwenyewe aliandika baadaye kwamba difu, yaani gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, ilikuwa imechezewa makusudi. Cheka, mimi pia nilicheka. Ila usiape kwamba gari hilo halisimami.

Vipindi vya kununua na kutengeneza, kama Wheeler Dealers, vitazame ukiwa na kalamu. Faida inayotajwa mwishoni ni bei ya kuuza ukitoa bei ya kununulia na spea. Saa za fundi hazimo. Zihesabu wewe, kwa kiwango unachomlipa fundi wako, ndipo uamue kama mradi huo unakufaa.

Na ulaji wa mafuta pima mwenyewe. Jaza tangi hadi bomba lijikate, rudisha mita ya safari kwenye sifuri, endesha wiki nzima kama kawaida yako, kisha jaza tena kwenye pampu ileile hadi lijikate. Gawanya kilomita kwa lita ulizojaza. Rudia mara tatu, maana mara moja inaweza kuwa imepunjwa na foleni au kilima.