Sinthesaiza ya moduli inagoma kuwaka: kudhibiti mkurupuko wa mkondo

Moduli zako (vipande vinavyounda sinthesaiza, ala ya muziki ya kielektroniki) zinakula ampea 1.2 kwenye laini ya umeme ya +12V, pawasaplai imeandikwa ampea 2, lakini ukiwasha, taa zinapepesa tu. Ampea zilizoandikwa kwenye moduli ni za mfumo uliokwisha kutulia. Unapobonyeza swichi, kapasita zote (vihifadhi chaji ndani ya moduli) ziko tupu, na pawasaplai inaziona karibu kama shoti: inakata, inajaribu tena, inakata tena.

1. Hakikisha tatizo ni hilo. Zima, chomoa nusu ya moduli, washa. Kisha jaribu nusu ya pili. Zikiwaka zote kwa zamu, endelea. Nusu moja ikigoma, tafuta kwanza shoti au waya bapa uliogeuzwa (mstari mwekundu hukaa upande wa −12V).

2. Piga hesabu. Mkondo ni faradi mara volti, gawanya kwa sekunde. Moduli 20 zenye mikrofaradi 47 kila moja zinafikisha 940. Volti 12 zikipanda kwa milisekunde 5, kapasita pekee zinadai ampea 2.26. Zikipanda kwa milisekunde 44, takriban kama kwa saketi ya hatua ya 3, zinadai 0.26 tu.

3. Punguza mwendo wa volti kupanda. Termista (rezista ambayo ukinzani wake hushuka ikipata moto) ni rahisi, ila hutegemea joto, na ukizima na kuwasha haraka bado ni ya moto, haizuii kitu. Swichi ya kuunganisha kundi la pili kwenye laini iliyokwisha kuwaka ni mbaya zaidi: volti zinazama ghafla na moduli za kidijitali zinajiwasha upya.

Tumia mosfeti, transista yenye miguu mitatu: mkondo hupita kati ya sosi na dreni, na volti ya geti ndiyo huifungua. Kwenye +12V weka ya aina ya P (P-channel), sosi upande wa pawasaplai, dreni upande wa moduli. Rezista ya kiloomu 330 kutoka geti hadi graundi, nanofaradi 100 kati ya geti na dreni, mikrofaradi 1 kati ya geti na sosi. Hiyo ya mwisho usiiache: bila yake mosfeti inafunguka yote papo hapo na kazi nzima inapotea. Chagua yenye volti ya kufungukia kati ya 2 na 4. Ya volti 1 itafunguka mapema. Kwenye −12V tumia ya aina ya N (N-channel), thamani zilezile, ili laini zote mbili zipande pamoja.

4. Jaribu. Ukizima, subiri sekunde 10 kabla ya kuwasha tena, kapasita za geti zimalizike chaji.