Kubadilisha bomba la sinki la jikoni mwenyewe

Kufunga bomba jipya sio shida kabisa, shida ni kulitoa la zamani, ile nati ya chini ya sinki ndo itakufanya ujue hujui.

Kabla hujanunua chungulia chini ya sinki uhesabu matundu, mengine yana tundu moja mengine mawili au matatu, na bomba linafuata sinki halifuati uzuri wa dukani. Miksa nyingi za tundu moja, yaani bomba linalochanganya maji moto na baridi, zinataka tundu la kama milimita 35 kwa hiyo pima. Paipu za fleksibo, zile za kujipinda zinazoleta maji bombani, nunua mpya, na ziwe ndefu za kufika kwenye koki bila kuvutwa.

Funga koki za chini ya sinki afu fungua bomba uone kama maji yamekata kweli, maana koki iliyokaa miaka haijaguswa mara nyingi haifungi vizuri, ikikugomea nenda kafunge koki kuu ya nyumba. Weka ndoo, toa kila kitu kabatini coz utalala chali humo, na kama una miwani vaa, kutu inadondokea machoni hivi hivi.

Sasa nati. Usiigonge nyundo jamani, sinki litapasuka. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu uiache kama dakika 15, ikigoma pulizia tena. Spana ya kawaida haiingii kule nyuma, tafuta ile yenye shingo ndefu ya mafundi bomba, na mtu ashike bomba kwa juu lisizunguke. Nati ya plastiki ikikataa kabisa we ikate tu na kimsumeno.

Likishatoka kwangua silikoni na ule ukoko mweupe wa chumvi ya maji, kitambaa chenye siki kinaulainisha. Weka jipya na mpira wake, na kabla hujakaza nati moja kwa moja chungulia kwa juu kama limekaa sawa. Maji moto yanaingia kushoto, baridi kulia.

Tepu nyeupe ya tredi (ile mistari ya kukazia nati) watu wanaizungusha kila mahali, fleksibo yenye washa, yaani kile kipete cha mpira, ndani haiitaki, mpira ndo unaoziba. Tepu ni ya tredi isiyo na washa, izungushe kufuata upande wa kukazia la sivyo itajikunja. Kaza kwa mkono mpaka igome, afu spana robo mzunguko basi, ukitumia nguvu zako zote washa inakatika na bomba jipya linavuja siku hiyo hiyo.

Kabla ya kufungulia maji toa kichujio cha mdomoni mwa bomba, uchafu wa kwenye paipu usije ukakiziba. Fungulia koki taratibu, acha maji yatoke dakika moja hivi, kirudishe. Pitisha tishu kavu kwenye kila maungio, ikilowa hata kidogo ongeza kukaza kidogo, na vitu vya kabatini usivirudishe mpaka kesho yake ukague tena.