Kupima galaksi zilizoacha kuzaa nyota katika kundi la mbali

Anzia eneo la COSMOS, sehemu ya anga yenye nyuzi mraba 2 iliyopigwa picha na darubini nyingi. Tumia mhamo mwekundu (z), yaani kiasi ambacho mwanga wa galaksi umenyooshwa kuelekea wekundu, uliopimwa kwa spektra (mwanga uliotawanywa kwa rangi zake). Ule unaokadiriwa kwa rangi za galaksi kwenye picha hukosea takriban 0.01(1+z), sawa na km 3,000 kwa sekunde, ilhali galaksi za kundi moja hupishana kwa mia chache tu. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika: wapita njia, galaksi zilizo mbele au nyuma ya kundi, wanahesabiwa wenyeji.

Kwa z=1, chukua galaksi zilizo ndani ya dakika 2 za pembe kutoka kitovu na ±km 1,000 kwa sekunde. Mstari wa oksijeni kwenye spektra, dalili ya nyota zinazozaliwa, wa nm (nanomita) 372.7 utauona kwenye nm 745. Usipokuwepo, huenda uzazi wa nyota umekoma, au vumbi limeuficha. Linganisha na galaksi za nje ya kundi zenye tungamo lilelile, la sivyo athari ya tungamo itaonekana kama ya kundi.