Ndoo mbili na chumvi: jinsi ya kuona vidudu vya bwawani vikibadilika kwa sababu yetu

Watu wengi wanadhani viumbe wa ziwani kubadilika ni habari ya miaka milioni, kumbe hapana. Ziwa Viktoria sangara aliletwa miaka ya 1950, kufika miaka ya 1980 kajaa na kawamaliza furu wengi, wale samaki wadogo wa humo ziwani, na maji nayo yakazidi kuchafuka na hewa kupungua, lakini furu waliobaki ghuba ya Mwanza walipokuja kupimwa baada ya kama miaka 20 hivi, wapo waliokutwa na matamvua ya kupumulia makubwa kuliko ya wazee wao. Kitu cha namna hiyo unaweza ukakiona hapahapa Dar ukiwa uani kwako, ila utumie kiumbe anayezaa haraka zaidi ya furu.

Kiumbe mwenyewe ni moina, ndugu yake dafnia, wale wadogo kama nukta wanaorukaruka kwenye maji ya bwawa, wafugaji wanawalishia vifaranga vya samaki. Kwa joto letu anaanza kuzaa akiwa na siku 4 au 5 tu. Muombe mfugaji wa samaki akuruhusu uchote kwa chujio la chai, na usiingie majini miguu mitupu, kichocho kipo. Chota wengi, tena kutoka mabwawa mawili matatu tofauti, hapa usifanye uvivu kabisa kwa sababu moina jike anazaa bila dume na watoto wanatoka kopi yake, sasa ukianza na jike mmoja ndoo nzima inakuwa ni mtu mmoja. Chumvi haimfundishi mdudu kitu, inaua wasioiweza wakabaki waliozaliwa wanaiweza, kwahiyo lazima wawe tofauti tofauti tangu mwanzo.

Ndoo mbili za lita 10, maji ya mvua. Ya bomba yaache wazi siku mbili klorini itoke. Ya kisima achana nayo, visima vingi vya huku pwani vina chumvi tayari, tunavuta maji mengi chini na bahari inaingia, na ndo maana nimechagua chumvi, ni tatizo letu wenyewe hili. Chakula ni hamira kidogo sana ikorogwe kwenye glasi, mimina mpaka maji yawe na ukungu mwepesi, na kama kesho yake ukungu bado upo usiwape, maji yakioza wanakufa wote. Weka kivulini, funika na kipande cha chandarua mbu wasitage.

Ndoo moja usiiwekee chumvi kabisa. Nyingine weka kijiko cha chai kimoja flati, kama gramu 5, halafu kila wiki ongeza nusu kijiko. Wakipungua sana simama kwanza mpaka wazaliane tena. Maji yakikauka ongezea ya mvua tu, chumvi haiendi na mvuke. Fanya hivyo miezi miwili.

Sasa kipimo, na hapa ndo wengi wanajidanganya. Ukiwatoa kwenye ndoo ya chumvi ukawapima palepale hujajua kitu, maana mwili wa mdudu mmoja mmoja nao unazoea, kama we unavyozoea joto la Dar ukitoka Njombe, lakini mtoto wako harithi hilo. Kwahiyo wa ndoo zote mbili wahamishie maji safi yasiyo na chumvi, kila kundi kivyake, walee wiki mbili ili uwe na wajukuu ambao hawajawahi kuonja chumvi. Hao ndo unaowapima.

Koroga kijiko kimoja cha chumvi kwenye lita moja. Glasi ya kwanza weka mililita 40 za hiyo na 160 za maji safi, hapo ni gramu 1 kwa lita, ya pili 80 na 120, ya tatu 120 na 80, ya nne 160 na 40. Nyingine iwe maji safi tupu. Kila kundi liwe na glasi zake, kila glasi moina wachanga 10, hesabu wazima baada ya saa 24, rudia mara tatu. Wajukuu wa ndoo ya chumvi wakiishi wengi zaidi, hiyo ni damu imebadilika. Wasipotofautiana andika hivyohivyo, nalo ni jibu, pengine waliochotwa walifanana mno.

Ukimaliza usiwarudishe bwawani, wape samaki wako.