Kabla ujaze Historia kama maina yako kampasi, angalia haya kwanza

Hii ni ya nyinyi mko vyuo vya hapa Kenya, mnamaliza mwaka wa kwanza na dipatimenti imewaambia mchague maina, lile somo la pili kando ya meja, somo lako kuu. Najua wengi mnaandika Historia juu haina hesabu. Ngojeni kwanza.

Jua unaitakia nini. Kama ni ya kujifurahisha ama unaona mbele ni uanahabari, utalii ama makumbusho, sawa, chukua zile yuniti unapenda. Lakini kama kuna kasauti kadogo kichwani kanasema labda siku moja nitafundisha, soma mpaka chini.

Angalia cheti chako cha KCSE. Ualimu wa sekondari wanataka C+ kwenye hayo masomo mawili utafundisha, so kama Historia ulipata C, usijidanganye.

Uwe mtu wa kusoma. Hakuna mtu atakuuliza Maji Maji ilianza lini, 1905, hiyo unajua tangu shule. Utaulizwa hii ripoti iliandikwa na nani, alikuwa DC, mkuu wa wilaya, ama chifu, alikuwa anaogopa nini, na mbona wazee wa hapo hapo wanasimulia kitu kingine. Kila wiki kuna rundo la kusoma, na lecha anajua nani hajasoma.

Ratiba nayo. Kuna yuniti zinafundishwa semista moja tu kwa mwaka, na ikigongana na ya meja yako ndio basi, unangoja mwaka ujao. Kaa chini na kalamu upange miaka yote, sio semista hii pekee.

Ukiwa Nairobi ingia Akaivu, lile jumba la nyaraka za taifa pale Moi Avenue. Watu wanapatana hapo nje kila siku, "nikupate Akaivu", na hawajawahi kuvuka mlango. Kuna mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, yule alikuwa makamu wa rais, na kuna mafaili ya wilaya za enzi za mkoloni ambayo yatakuokoa kwa term pepa. Usingoje wiki ya mwisho.

Sasa hesabu ya yuniti. Hapa ndio nilichomeka.

Meja yangu ilikuwa Kiswahili. Dipatimenti ilisema maina ni yuniti sita. Mimi nilikuwa najua TSC, ile tume ya kuajiri walimu, inataka angalau nane kwa kila somo la kufundisha, nikajiona mjanja, nikaongeza mbili, moja ya katiba na nyingine ya serikali za Afrika, zote za dipatimenti ya siasa. Kwa akili yangu hizo ni historia, si shule tulifanya 311, Historia na Serikali, kitu kimoja, mwalimu mmoja, daftari moja? Mshauri wangu akasaini fomu akiwa anaongea na simu. Nikamaliza, nikavaa joho, nyumbani wakachinja mbuzi.

Nikaenda kuomba ile diploma ya ualimu ya wenye digrii. Mama mmoja kwa ofisi akachukua transkripti yangu, akaweka kalamu kwa kodi, zile herufi za mbele ya kila yuniti, HIS, HIS, HIS, akafika sita akasimama. Nikamwambia mama kuna zingine mbili hapo chini. Akaniambia polepole, kijana, hizo ni za siasa, mimi nahesabu kodi sihesabu jina. Nikarudi kampasi, nikalipia yuniti mbili kutoka mfukoni, moja ilikuwa ya Septemba na nyingine ya Januari, kwa hivyo mwaka mzima ukaenda hivyo, asubuhi darasani na watoto wa mwaka wa pili wakiniita "mzee", jioni kwa kibanda cha M-Pesa nikitafuta fare. Yuniti mbili tu!

Chenye kiliniuma zaidi, moja ya hizo ilikuwa ya mbinu za utafiti, ile nilikuwa nimeikwepa juu watu walisema ni ngumu. Kazi yake ilikuwa kuhoji mzee. Nikaenda kwa shosho, akaniambia vile walihamishwa na mkoloni 1954 wakawekwa kwa kijiji chenye mtaro pande zote, alikuwa na miaka kumi, na mimi miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza. Ningeichukua mapema ningekuwa na vitu vingi sana kwa daftari.

So hesabu kodi, usihesabu majina. Ukiambiwa yuniti fulani "itahesabiwa", uliza na nani, chuo ama mwajiri, na uandikiwe kwa barua ama imeli, maneno ya mdomo hayana muhuri. Na msifikirie wa sekondari wamebaki na ile ya zamani, Gredi 10 sasa ni Historia na Uraia, kwa hivyo masharti ya waalimu yanaweza kuguswa wakati wowote, ingia kwa tovuti ya TSC wewe mwenyewe usome, sio kuambiwa na mtu wa hosteli.

Weka pia maelezo ya kila yuniti uliyofanya, iko siku yataulizwa na lecha ameshahama. Piga skrinshoti ya potali kila semista ukimaliza kuregista, juu yuniti huwa zinapotea hapo. Na usimtume rafiki akuregistie.