Kuongeza alama za GMAT ukiwa na saa sita tu kwa wiki

Ndugu zangu mlio ughaibuni, wengi wenu mnajiandaa na GMAT, mtihani wa kuombea shahada za uzamili za biashara kama MBA, mkiwa mmechoka. Umetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, au umeshinda ghalani ukibeba boksi, au uko Doha na siku yako moja ya mapumziko inaishia kwenye kufua na kupiga simu nyumbani. Kisha unasikia wenzako wanasoma saa nne kila siku kwa nusu mwaka. Saa hizo wewe huna, na mimi sitakuambia uzitafute kwa kukata usingizi. Saa sita au nane kwa wiki, kwa muda wa miezi miwili, zinaweza kupandisha alama vizuri. Ila hazipandishi kwa wingi wa maswali. Zinapandisha kwa jinsi unavyoyarudia yale uliyokosa.

Kwanza hakikisha unasomea mtihani uliopo. GMAT ilibadilishwa Novemba 2023, na ile ya zamani ikafungwa mwisho wa Januari 2024. Ya sasa ina sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu maswali 21, lugha maswali 23, na uchambuzi wa data maswali 20. Insha imeondolewa. Kusahihisha sentensi kumeondolewa. Jometri nayo imetoka kwenye hesabu. Nalisisitiza hili kwa sababu vitabu vya zamani vinazunguka sana miongoni mwetu. Mmoja akimaliza anampa mwenzake, na huo ni ukarimu mzuri, lakini mwenye saa sita akitumia mbili kwenye pembetatu na sarufi, theluthi ya wiki yake imekwenda bure. Ukikuta kitabu kina sura ya kusahihisha sentensi, kiweke kando.

Hata kipimo cha alama si kile. Sasa ni kuanzia 205 hadi 805. Kaka au dada aliyesoma zamani akikuambia bila 700 usijisumbue kuomba, anazungumzia mtihani uliokufa: 700 ya wakati ule inakaribiana na 645 ya leo. Nimeona watu wenye alama nzuri kabisa wakikata tamaa kwa kulinganisha vipimo viwili tofauti, na inaniuma.

GMAC, wenye mtihani, hutoa mitihani miwili ya majaribio bure kwenye mba.com. Fanya mmoja mwanzoni kabisa, kwa mkupuo, kabla hujafungua kitabu. Wa pili usiuguse hadi wiki mbili za mwisho. Ukipata matokeo, angalia alama za kila sehemu, si jumla peke yake, maana sehemu zote tatu zina uzito sawa. Wengi wetu hukimbilia hesabu kwa kuwa ndiyo iliyotutisha tangu sekondari, na uchambuzi wa data unaguswa juu juu wiki ya mwisho. Hiyo ni theluthi nzima ya alama unaiacha mezani.

Na ndani ya data kuna aina moja ya swali inayolipa haraka sana ukiielewa. Haikuulizi jibu, inakuuliza kama maelezo uliyopewa yanatosha kupata jibu. Chukua mfano huu: bei ya kilo ya mchele imepanda kwa asilimia ngapi? Maelezo ya kwanza yanasema bei imeongezeka shilingi 400. Ya pili yanasema bei mpya ni mara 1.25 ya bei ya zamani. La kwanza peke yake halitoshi, kwa sababu hujui bei ilianzia wapi. La pili peke yake linatosha. Basi, umemaliza. Shuleni tulizoeshwa kupiga hesabu hadi mwisho na kupigia jibu mstari, na mazoea hayo hapa yanakula dakika. Jizoeze kusimama pale unapojua kwamba jibu lingepatikana.

Sasa daftari la makosa, ambalo kwangu ndilo moyo wa kazi yote. Kila swali ulilokosa, pamoja na lile ulilopata kwa kubahatisha, liandikie mambo matatu: kwa nini jibu ulilochagua lilikuvutia, neno au namba gani kwenye swali ingekuzuia, na utafanya nini ukikutana na swali la namna hiyo tena. Usiandike "sikuwa makini", maana hiyo haikufundishi kitu. Andika "swali halikusema x ni namba nzima, nikadhani ni namba nzima", au "nilisahau kwamba sifuri ni namba shufwa". Baada ya siku tatu lifanye upya bila kuangalia maelezo, kisha tena baada ya wiki. Likikushinda mara ya tatu, tatizo si swali hilo, ni mada. Hapo ndipo unapofungua kitabu kusoma uwiano, asilimia, vipeo au namba tasa. Mada zenyewe nyingi ulizipita sekondari. Kigeni ni namna zinavyofichwa. Maswali kumi yaliyochambuliwa hivi yana faida kuliko hamsini ya kukimbia.

Kwenye hoja fupi za lugha, kabla hujasoma majibu, jisemee hitimisho la mwandishi kwa Kiswahili chako, sentensi moja tu. Usipoweza, bado hujaielewa hoja, na majibu matano yatakuyumbisha.

Uchambuzi huu wa makosa unataka akili iliyopumzika. Uuweke siku ya mapumziko asubuhi, saa mbili mfululizo, simu ikiwa chumba kingine. Kwenye basi au wakati wa chai kazini, pitia daftari tu. Baada ya zamu ya usiku lala. Usifanye maswali mapya.

Muda ndani ya mtihani nao unafundishika. Kwenye hesabu, ukimaliza swali la 7 uwe na dakika 30 mkononi, la 14 uwe na 15. Huwezi kuruka swali bila kulijibu, kwa hiyo likikwama baada ya dakika mbili na nusu, chagua jibu, liwekee alama ya kulirudia, songa mbele. Ukibakiza muda unaruhusiwa kubadilisha hadi majibu matatu katika kila sehemu. Kuacha maswali ya mwisho bila kuyajibu kunashusha alama vibaya kuliko kukosea moja gumu. Kikokotoo kipo kwenye data tu. Waliosoma enzi za jedwali za hisabati hapa wana nafuu.

Kabla ya kulipia, angalia pasipoti. Ukiufanyia mtihani nje ya nchi yako, pasipoti halali ndiyo kitambulisho, na majina kwenye akaunti yafanane nayo, yote matatu kama yapo matatu. Ikikaribia kuisha, anza na ubalozi leo. Mtihani unaweza kufanywa nyumbani pia, lakini mtu yeyote hatakiwi kuingia chumbani. Kama mnaishi wanne chumba kimoja, nenda kituoni.

Kurudia kunaruhusiwa baada ya siku 16, na alama hudumu miaka 5. Vyuo vingi vya Marekani vina awamu ya maombi inayofungwa mapema Januari, hivyo fanya mtihani wenyewe mara ya kwanza Oktoba ubakie na nafasi ya kurudia. Matokeo rasmi yakitoka una saa 48 za kuyatuma bure kwa vyuo visivyozidi vitano. Orodha ya vyuo hivyo iandike wiki moja kabla, ukiwa umetulia.