Kumsaidia Mwanafunzi Aliyebaki Nyuma Katika Kusoma na Hesabu

Kabla ya kumfundisha mtoto wa gredi ya nne asiyejua kusoma, mpime peke yake, mbali na macho ya wenzake: mwonyeshe herufi, kisha silabi, maneno, aya fupi na mwishowe hadithi, na uanzie pale anapokwama, si pale gredi yake inapodai. Utaratibu huu wa kuwapanga watoto kwa kiwango badala ya umri ulikuzwa na shirika la Pratham nchini India, nasi huku Likoni, Mombasa, tunaumudu kwa ubao na chaki.

Akisoma "ngoma" kama "goma", usimkatize. Mwache amalize sentensi, ndipo uandike nga, nge, ngi, ngo, ngu, azisome kwa sauti huku akizifuata kwa kidole, kisha aunde maneno yake mwenyewe. (Watoto wa Pwani aghalabu huanza na "ngisi".)

Katika hesabu, funga vijiti kumi kumi. Anayeshindwa kutoa 15 katika 32 na afungue fungu moja apate vijiti 12 vilivyo huru, aondoe vitano, kisha aondoe fungu zima, ndipo aandike 17.

Nusu saa kila siku yatosha, mradi usimnyang'anye wakati wa kucheza. Baada ya wiki kadhaa mpime tena, na aliyepanda mhamishe kundi siku iyo hiyo.